Unalipwa shilingi ngapi hapo klabu ya jazz? Haya watu wa Tanga, leo nawajibu

Assalam aleikum, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo. Leo sina utangulizi mrefu maana hili swali limenichosha, kila nikiweka video, hata kama naonyesha theluji tu nje ya dirisha huku Ujerumani, mtu anakuja kwenye komenti "dada unalipwa shilingi ngapi hapo klabu ya jazz?" na huko inboksi ndo usiseme. Juzi binamu yangu kabisa kanitumia skrinshoti ya grupu la ukoo, watu wazima wamekaa wanapiga hesabu ya mshahara wangu. Haya jibu ni hili, silipwi. Hata senti tano. Mimi ndo nalipa, ada ya uanachama euro 60 kwa mwaka na ya mwaka huu nishatoa.

Najua wapo watakaosema huyu anaringa, ana hela za kuchezea, na wapo watakaosema analia njaa ili tusimwombe. Si hivyo wala si hivyo, mi naeleza tu jinsi ilivyo.

Tatizo lenyewe ni neno klabu. Kwetu ukisema klabu mtu anawaza kilabu cha mnazi au disko, ndo maana mama yangu alienda harusini Makorora akaulizwa mbele za watu eti mwanao siku hizi anafanya kazi klabu usiku, mama akarudi nyumbani hajagusa pilau. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo na aliyeuliza anajijua. Sasa sikilizeni, hii ni klabu kama Coastal Union ilivyo klabu. Kuna wanachama, kadi, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano mkuu kila mwaka na watu wanabishana mpaka saa sita usiku. Mji wetu huku Ujerumani ni mdogo, klabu iko chini ya ardhi kwenye jengo la zamani, unashuka ngazi kumi na moja, viti themanini, piano moja, basi. Maonyesho ni Ijumaa mbili kwa mwezi. Mimi mchana nahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, hiyo ndo kazi inayolipa kodi ya nyumba na hicho kidogo ninachotuma. Klabu nakaa mlangoni na meza ndogo, muhuri wa kugonga watu mkononi na kopo la biskuti la kuwekea chenji.

Na mkitaka hesabu, hesabu hiyo hapo, Ijumaa moja ya Novemba 2025. Waliingia watu 41, kiingilio euro 15, jumla 615, nilizihesabu mwenyewe mara mbili. Wanamuziki walikuwa wanne, kila mmoja 150, hapo 600 ishaondoka. Fundi wa kutyuni piano kachukua 130. Afu kuna mfuko wa bima ya wasanii huku, ukimlipa msanii unachangia na wewe, mwaka huo ilikuwa asilimia 5, kwa hiyo 30 nyingine. Hapo tushaingia hasara ya 145 na bado hoteli, bado umeme, bado hakimiliki. Hakimiliki inaenda GEMA, chama cha huku kinachokusanya malipo ya watunzi wa nyimbo, na si kulipa tu, baada ya onyesho unatakiwa upeleke orodha ya nyimbo zilizopigwa na nani alizitunga, sasa mpiga saksafoni kapanda jukwaani na karatasi kaiandika kwa penseli nyuma ya risiti ya mafuta, nusu haisomeki, mimi saa saba usiku namfuata kwenye gari nimuulize ule wimbo wa tatu ulikuwa wa nani. Sisemi vibaya maana aliyetunga anapata haki yake humo, lakini karatasi za nchi hii jamani mnazisikia tu. Hasara tunaifukia kwa ada zetu na ruzuku kidogo ya manispaa.

Mnaouliza mbona jazz yenyewe haifanani na ya Jamhuri Jazz wala Atomic Jazz, bendi zetu za Tanga, hilo wakubwa wenu wanalijua, bendi zetu za dansi zilijiita jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, na muziki ulikuwa dansi. Huku watu hawachezi. Wamekaa kimya, mtu akimaliza solo wanapiga makofi, wanakaa kimya tena. Mwanzoni nilikuwa naona wamefiwa. Ila kuna usiku mmoja saksafoni na ngoma zikaanza kupokezana, saksafoni inasema kidogo inanyamaza, ngoma zinajibu muda ule ule, inasema tena, zinajibu, na mimi pale mlangoni nikasikia kabisa lile gita la solo linavyojibizana na saksafoni kwenye nyimbo alizokuwa anatuwekea mjomba redioni Ngamiani. Nikaacha kuhesabu hela. Tangu siku hiyo ndo nimekuwa mwanachama.

Mjomba wangu alipiga gita la ridhimu kwenye bendi za Tanga, miaka kumi na minne, na hajawahi kumiliki gita. Hata moja. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Wa zamani mnajua, mwenye vyombo ndo mwenye bendi, akigombana na mwimbaji, mwimbaji anaondoka na nusu ya watu, mwenye vyombo akifariki watoto wanauza spika na magita na hakuna wa kuwauliza. Mjomba alibaki na mkanda wa gita tu, wa ngozi, uko mpaka leo kwenye msumari chumbani kwake na sehemu ya begani imeng'aa kwa jasho.

Hiki ndo nilichotaka kusema siku nyingi nikawa naogopa kuonekana najifanya mjuaji. Piano ya huku si ya mtu, ni ya klabu. Mwenyekiti aliyeinunua kashafariki, aliyemfuata kahama mji, piano iko pale pale na Ijumaa inapigwa. Na kusajili chama kama hiki Ujerumani sheria inataka wanachama saba tu. Saba! Jamhuri yenyewe ilianza ikiitwa Young Nyamwezi, jina linakwambia ni watu waliofuata mkonge Tanga wakajikusanya, sasa sisi tuliozaliwa hapo hapo tunashindwa kuwa saba tukanunua ampu moja na magita mawili yakawa ya wote? Siwafundishi. Kila mtu na maisha yake na Tanga ya sasa nyie ndo mnaijua, mi naongea ninachokiona mimi.

Sasa la viza, maana najua hamtaniacha. Mwaka 2025 klabu ilikubali mjomba aje apige usiku mmoja na vijana wa huku. Barua ya mwaliko tukaandika, bima ya safari ya euro 30,000 tukakata, ada ya viza euro 90 nikatoa mfukoni, kama laki mbili na sitini hivi. Hata kodi tulishaipangia, msanii wa nje akilipwa zaidi ya euro 250 kwa onyesho kuna asilimia 15 na kidogo juu yake inakatwa, kwa hiyo tukasema apewe 250 kamili. Mzee akapanda basi alfajiri Tanga mpaka Dar na bahasha yake. Wiki tatu, jibu likaja, haijathibitika kwamba atarudi. Mzee wa miaka 71, ana nyumba, ana mke, ana wajukuu tisa. Na hela ya ada hairudi. Kilichoniuma zaidi ni ndugu, wakasema nimeila ile hela na hakukuwa na mwaliko wowote. Risiti ninayo, siionyeshi hapa kwa sababu ina namba ya pasi ya mzee, lakini mwenye shaka aende kwa mjomba mwenyewe, nakala anayo.

Wengine viza wanapata mara ya kwanza, kwa hiyo usichukue ya kwangu ukaacha kuomba. Sisi tunaomba tena. Mjomba nilipompigia hakulia wala hakulaumu, aliniambia tu "mjomba, hao vijana wako wanapiga kwenye key gani? nataka nianze kufanya mazoezi." Na gita hana, anaazima la kijana wa jirani, nyuzi mbili zimekatika.

Kwa hiyo kuna mtu anasafiri tarehe 12, anashukia Dar afu anakuja Tanga, nampa seti tatu za nyuzi. Mbili za mjomba, moja ya huyo kijana mwenye gita. Binamu yangu wa kwenye grupu la ukoo, wewe ndo utakwenda kuzipokea stendi, nakutumia namba yake usiku huu.