Anza Karibu: Jinsi ya Kuandika Aya ya Kwanza ya Makala

Jambo yenu, karibuni tena. Leo mezani nina simu, kalamu na makala moja niliyoiharibu mwenyewe. Inahusu sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Tutaitengeneza hapa mbele yenu, lakini aya ya kwanza tu, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapoamua kubaki au kwenda zake.

Tazama kwenye skrini. Hivi ndivyo nilivyoanza:

"Hakuna asiyejua kwamba Ziwa Kivu ni moja kati ya maziwa makuu ya Afrika. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,700 na kina kinachofika karibu mita 480. Liko mpakani mwa nchi yetu, Kongo, na Rwanda. Kama tunavyojua, maji ni uhai, na samaki ni chakula chenye faida nyingi kwa mwili wa binadamu."

Tarakimu hazina kosa. Nikamsomea shemeji yangu anayeuza sambaza pale soko la Kituku, hapa Goma, wakati anapanga mabeseni yake. Alivumilia mpaka sentensi ya tatu, kisha akasema: "Shemeji, ziwa ninaliona kila asubuhi. Samaki wako wapi?"

Ugonjwa huu tumeutoa shuleni. Sisi tuliopita Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, tulizoezwa disertasyo, yaani insha ya Kifaransa: unaanza na dunia nzima, unashuka Afrika, unaingia Kongo, na ukifika kwenye swali lenyewe ukurasa umeshajaa nusu. Mwalimu wa Kifaransa alisoma yote, maana ndiyo kazi aliyolipwa. Msomaji wako halipwi. Tena yeye ndiye anayelipa: amenunua mega zake za intaneti, anasoma kwenye simu huku akingoja taksi ijae. Taksi ikijaa kabla hujafika kwa samaki, umempoteza. Na hilo "hakuna asiyejua", hebu nieleze: kama kila mtu anajua, unamwambia nani?

Twende kazini.

Hatua ya kwanza. Usifute chochote bado. Chukua rasimu yako yote, uanze kuisoma kutoka aya ya tatu kama vile mbili za mwanzo hazipo. Ukielewa kila kitu bila shida, basi zile mbili zilikuwa za kupasha moto injini tu. Mimi nilipofanya hivyo, nilifika aya ya nne nikakuta sentensi hii imejibana katikati, kama mtu aliyechelewa misa: "Ikumbukwe kwamba samaki huyu hakuwa wa Ziwa Kivu, bali aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950."

Simamisha video hapo, uisome tena.

Sambaza! Yule tunayemkaanga, tunayemla na bukari, yaani ugali, ambaye ungeapa kwamba alikuwepo tangu ziwa lilipojaa maji. Kumbe ni mgeni, na kuna wazee mtaani kwetu waliomtangulia hapa. Jambo zuri kuliko yote kwenye makala nimelizika chini ya "ikumbukwe kwamba". Ndiyo maana siku hizi nikisahihisha kazi za vijana, ninakwenda moja kwa moja kutafuta maneno haya: ikumbukwe, ifahamike, si vibaya kusema. Ukiyaona, chimba hapo hapo. Mwandishi alikuwa na kitu akakionea aibu.

Hatua ya pili: tafuta kitu kinachoshikika. Kwa hili lazima utoke nyumbani. Mimi nilirudi ziwani jioni, nikakaa ufukweni na daftari. Niliandika vingi: mitumbwi inavyofungwa mitatu pamoja, miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kwa ajili ya kushikilia wavu, taa zinazowashwa giza likiingia ili samaki wapande juu, wavuvi wanavyoimba ili makasia yaende sawa. Niliandika pia harufu, na mbwa mmoja ambaye hakuhusika kabisa. Ukurasa mzima. Kwenye aya ya kwanza nimetumia mambo mawili tu, na hayo mengine hayajapotea, yana nafasi yake mbele.

Na tafadhali, usibuni. Kama hukumwona mtoto analia, usimweke pale alie. Ukitaka bei, weka ile uliyolipa wewe mwenyewe, siku hiyo, kwa franka zako. Msomaji wa Goma anaijua bei ya beseni la sambaza kuliko wewe. Ukimdanganya kwenye mstari wa pili, wa tatu hatausoma.

Sasa tuandike. Nakuonyesha:

"Sambaza uliyemla jana si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Wazee wake waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Leo, kila giza likiingia, mitumbwi inatoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja, na taa zake zinamwita huyo mgeni juu."

Sentensi tatu. Ya kwanza imeingia kwenye sahani ya msomaji, haikuanzia Afrika. Ya pili inamthibitishia kwamba simtanii: kuna mahali, kuna wakati. Ya tatu inamleta leo, na inamwonyesha tunakokwenda, yaani kwa wavuvi wa usiku. Kilomita 2,700 ziko wapi? Ziko aya ya sita, pale ninapoeleza wavuvi wanavyogawana maji. Huko zina kazi.

Mtu ataniuliza: kwa nini hukuanza na taa na nyimbo, si ndizo zinazopendeza? Inategemea unamwandikia nani. Watu wa hapa wanaona taa hizo kila usiku, hazitawashangaza. Asili ya samaki ndiyo itakayowashangaza. Ningekuwa ninaandikia watu wa Kisangani au Mbuji-Mayi, ningeanza na mitumbwi. Jambo jipya kwa msomaji wako ndilo linalotangulia, hata kama kwako limezeeka.

Hatua ya tatu, na hapa niko mkali kidogo. Kabla ya kuandika uzuri wowote, jiulize: hii ni habari au ni simulizi? Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo, volkano iliyo jirani na Goma, ulilipuka. Usiku ule mtu hakutaka kusoma "Mbingu za Goma zilivaa vazi jekundu". Alitaka hivi: "Mlima Nyiragongo umelipuka jioni hii. Lava inateremka upande wa mji wa Goma. Watu wanakimbia, wengine kuelekea Sake, wengine mpakani na Rwanda." Nini, lini, wapi, na inaelekea kwa nani. Kesho yake, lava ilipokuwa imesimama Buhene, ukingoni mwa mji, hilo ndilo lililostahili sentensi ya kwanza: imesimama, na imesimama wapi. Uzuri unaweza kungoja wiki.

Lakini ukiandika leo kuhusu mlipuko wa 17 Januari 2002, habari yenyewe tunaijua. Lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila nyumba. Hapo unaruhusiwa kuanza na ukuta wa jirani yako uliojengwa kwa mawe meusi, mawe yale yale yaliyokula nyumba ya kwanza. Mlima ni ule ule, mji ni ule ule, ila milango ni miwili tofauti.

Hatua ya nne ni ya uaminifu. Chukua sentensi hii: "Nyiragongo unawaka usiku huu." Ni kweli? Inaweza kuwa kweli kabisa. Wekundu juu ya kilele usiku, watu wa Goma wameuona miaka mingi, ni ziwa la lava ndani ya kreta, lile shimo la kileleni. Lakini ukiifungua makala yako kwa sentensi hiyo, halafu ndani unazungumzia watalii na picha zao, kuna mama huko Ndosho, mtaa wa Goma, ameshaanza kufunga mizigo na kuamsha watoto. Hukusema uongo, na bado umemfanyia ubaya. Aya ya kwanza ikiahidi kitu, kitu hicho kiwemo ndani, kwa kipimo kile kile.

Mengine nitayapitia haraka. Kuanza kwa swali: sawa, ikiwa msomaji hawezi kulijibu kwa "hapana" akafunga simu. Kuanza kwa methali: mimi nimechoka na "wahenga walisema", wahenga nao wapumzike. Kuanza kwa maneno ya mtu: vizuri sana, ila yawe maneno ambayo wewe usingeweza kuyasema. "Hali ni ngumu" hata mimi ninaweza. "Ziwa ninaliona kila asubuhi, samaki wako wapi?" hilo ni la shemeji peke yake.

Hatua ya mwisho: isome kwa sauti. Si kwa macho, kwa mdomo. Pale unapokosa pumzi, weka nukta. Pale ulimi unapojikwaa, kuna neno umelileta kwa ajili ya kujionyesha. Kisha iangalie kwenye simu, siyo kwenye kompyuta. Aya inayoonekana fupi kwenye kompyuta inajaza skrini ya simu ndogo, na mtu akiona ukuta wa maneno hapandi. Ile yangu ya zamani ilibidi niisogeze kwa kidole mara mbili. Hii mpya inakaa yote, na nafasi inabaki.

Usipoipata leo, andika makala yote kwanza, mlango uje mwisho. Fundi mbao anakuja kupima mlango ukuta ukishasimama.

Juzi nilirudi Kituku, nikamkuta shemeji kwenye mabeseni yale yale. Nikamsomea sentensi tatu mpya. Akaacha kuhesabu.

"Sambaza wa Tanganyika? Nani aliwaleta huku?"

Nikamwambia ngoja, hiyo iko aya ya pili. Akageuza beseni tupu, akakalia.