Umejidunga Insulini ya Haraka Badala ya Ile ya Usiku: Hatua za Kufuata

Karibuni tena, watazamaji wangu. Chupa hizi mbili mnazozifahamu vyema, Actrapid, insulini ya haraka, yenye alama ya njano na Insulatard, insulini ya usiku, yenye alama ya kijani, zinalingana kwa umbo, na mtu mwenye usingizi anayejidunga saa nne usiku huweza kuvuta uniti zake zote kutoka katika chupa isiyo yake.

Kwanza, soma jina lililo kwenye chupa, kisha uandike kwenye karatasi saa na idadi ya uniti. Hilo halihitaji maelezo. Papo hapo mpigie simu daktari au kliniki yako na umwamshe mtu aliye nyumbani, kwa maana usiku huu hupaswi kulala peke yako wala kuendesha gari. Kama dozi ilikuwa kubwa, au kama unatapika na huwezi kula, nenda hospitali kabla sukari haijashuka.

Pili, pima sukari. Tafadhali nawa mikono kwa maji na sabuni na uikaushe kabisa kabla ya kujichoma kidole. Samahani, kamera imekataa kuona kioo cha mashine; subirini niisogeze. Sasa inasomeka: 7.2 mmol/L, kipimo nitakachotumia kote hapa. Kiwango hicho kisikupumbaze, kwa sababu Actrapid huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa, hufikia kilele kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu baadaye, na huendelea kwa saa saba hadi nane. Aliyejidunga saa nne atakuwa katika hatari kubwa kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu usiku.

Tatu, kula wanga sasa, kwa kiasi utakachoelekezwa na daktari. Mimi hupenda wali uliobaki, ingawa viporo vya ugali vinafaa vilevile. Sukari ikishuka chini ya 4, acha chakula kwanza: koroga katika maji vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa hivi, yaani takriban gramu 15, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Nusu ya soda ya mililita 300 inatosha pia, mradi isiwe ile isiyo na sukari. Maandazi yasubiri, kwa kuwa mafuta huchelewesha sukari kuingia katika damu.

Narudia kuhusu mikono. Tazameni kidole hiki kilichoshika kijiko: chembe za sukari zinang'aa hapa pembeni mwa ukucha. Damu ikipita juu ya chembe hizo, mashine itasoma 11 ilhali mwilini mna 3, nawe utaacha kunywa sukari wakati unaihitaji zaidi. Nawa tena. Spiriti peke yake haitoshi. Ni maji na sabuni, kisha ukaushe.

Endelea kupima angalau kila saa, na mapema zaidi ukitetemeka, ukitokwa jasho au moyo ukienda mbio. Najua vipande vya kupimia vina bei, ila usiku huu si wa kuvibania. Mtu akipoteza fahamu, asimiminiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Usijidunge Insulatard juu ya kosa hili bila ushauri, wala usiamue mwenyewe kuiacha, hasa ukiwa na kisukari aina ya kwanza, kwa maana Actrapid itakwisha alfajiri na mwili utabaki bila insulini. Muulize daktari dozi ipi, na saa ngapi.

Kuhusu vipochi vya rangi vya kutofautishia chupa mnavyoviona mezani, naam, ninaviuza. Lakini mpira wa kufungia noti uliozungushwa kwenye chupa ya usiku unafanya kazi hiyohiyo, kwani vidole huugusa hata gizani. Insulatard, ikishabingirishwa viganjani, huwa nyeupe kama maziwa, na Actrapid ni angavu. Inueni chupa kwenye mwanga kabla ya kuvuta.