Dirisha la Dereva wa Treni: Mbona Dogo Hivi?

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kutoka na baridi hii ya Mbeya.

Mkifika stesheni ya TAZARA, viangalieni vile vichwa vya treni aina ya U30C, vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani miaka ya 1980 kwa mchoro wa General Electric. Boneti ndefu, chumba cha dereva karibu na ncha moja, na vioo vya mbele vimebanwa huku na huku. Kijana mmoja kaniuliza hapo mlangoni kwa nini dereva kanyimwa dirisha. Hakunyimwa. Kioo cha mbele kwanza ni ukuta, ndipo kiwe dirisha.

Boneti ndefu ikitangulia, dereva anaona upande wake tu. Njia ikikunja upande wa pili, macho ni ya msaidizi wake, naye lazima aseme kwa sauti. Sasa fikirieni mpando wa kutoka Mlimba kwenda Makambako, kona juu ya kona, handaki baada ya handaki.

Waingereza nao miaka ya 1950 waliweka pua ndefu mbele ya dereva. Sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba mataruma, yale yanayolala chini ya reli, yakipita kasi chini ya macho yake yatampumbaza. Mimi hofu hiyo hainiingii akilini. Anayekaa siti ya mbele kwenye basi la Tukuyo husinzia kwa uchovu, si kwa mistari ya barabarani. Lakini pua ilimkinga dereva akigonga kitu, na hilo silibishi.

Kioo chenyewe ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati: kikipasuka, vipande havimrukii mtu usoni. Kanuni za Marekani zinataka kioo cha mbele kihimili tofali la kilo 11 hivi likija kwa kilomita 48 kwa saa, na risasi ya bunduki ndogo pia. Kuna watu hurusha mawe treni ikipita, jamani.

Mfaransa Paul Arzens, mbunifu wa sura za treni, yeye alikiinamisha kioo kwa mbele, juu kukatangulia chini, ili mwanga wa jua usimrudie dereva machoni. Vichwa vya treni vya Ufaransa aina ya CC 72000, vilivyoanza mwaka 1967, vina sura hiyo. Nzuri mno! Ila mimi ningechagua kioo bapa, maana fundi wa hapa hapa anaweza kukikata.

Na ninyi wa karakana, msikimbilie kioo. Anzeni na mpira wake. Mpira ukikauka, maji ya mvua yanapenya, fremu inashika kutu, kutu inavimba na kusukuma kioo, na ufa unaanzia pembeni. Ndiyo maana pembe za madirisha mengi ya zamani zimeviringwa: pembe kali hukusanya nguvu yote mahali pamoja. Ukibadilisha kioo ukauacha mpira ule ule mkavu, utakibadilisha tena.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.