Siku ya Tatu Hakuna Meli: Baridi Yetu Kisiwani Naxos

Haya, hamjambo huko nyumbani? Tanga mpo? Karibuni tena. Msinicheke, nimevaa koti, juu ya koti kanga, na juu ya kanga blanketi. Humu ndani ni nyuzi 13. Nje ni 11. Nyumba za visiwa hivi vya Ugiriki zilijengwa kwa ajili ya jua. Baridi ikiingia, inakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Mnausikia huo mlio? Kama mtu anapuliza chupa. Ni upepo wa kaskazini unapita kwenye ufa wa dirisha. Leo siku ya tatu hakuna meli. Wenyewe wana neno lao, apagoreftiko, marufuku: upepo umefika 9 kwenye kipimo cha Beaufort, bandari imezuia meli zisitoke. Na mzigo wetu umekwama Piraeus, bandari ya Athens! Shoga yangu anakaa Kypseli, kule Athens, kuna maduka ya Waafrika. Kanifungia boksi: sembe, tui la kopo, dagaa, iliki. Kwa meli ni safari ya saa tano na kitu tu, lakini bahari ikikataa, hata ingekuwa saa moja. Dukani nyanya zimekwisha tangu jana. Viazi vipo, maana Naxos kwa viazi inajulikana Ugiriki nzima. Basi tunakula viazi.

Mwenzangu ameshashuka bandarini mara mbili leo kutazama meli ambayo haipo. Ndiyo baharia huyo. Mnajua tena vijana wa Tanga wa enzi zile, walivyopanda meli na kushukia Piraeus. Yeye kashuka, kaja kunichukua, sasa anapaka rangi nyumba za watu na bado roho iko gatini.

Wengi mnaniandikia, "Dada, unaishi peponi." Zile picha, nyumba nyeupe, bahari ya samawati. Sikatai, zipo. Lakini hiyo ni Julai, na Julai mimi bahari naiona nikikung'uta shuka kwenye roshani za wageni. Vyumba 14 kwa siku. Mume wangu naye yuko juu ya ngazi tangu alfajiri. Tunaonana usiku, mmoja analala mwingine bado anakula. Ikifika mwisho wa Oktoba, hoteli zinafungwa, viti vya mikahawa vinafungwa kamba vikarundikwa, vioo vinabandikwa magazeti. Kisiwa hiki ni kama robo ya Unguja, kina watu kama 20,000, na wakati wa baridi unaweza kutembea pwani nzima ukakutana na paka tu.

Kuna swali linarudi kila video: mnakula nini kama hakuna kazi? Tuliofanya kazi za msimu na kutimiza siku zetu serikali inatulipa posho ya ukosefu wa ajira, kwa wengi miezi mitatu na siku chache. Baada ya hapo ni akiba na vibarua. Desemba tulikwenda kuvuna zeituni bondeni Tragea, unatandika nyavu chini ya mti, unachana matawi, zinanyesha. Tulilipwa kwa mafuta. Madumu yale pale nyuma ya mlango, mnayaona? Huo ndio utajiri wetu.

Nyumba nayo ni hadithi. Mwenye nyumba wetu wa kwanza alitupa Oktoba mpaka Aprili, Mei tufungashe, anataka kupangisha watalii kwa usiku mmoja mmoja. Hata walimu wanaoletwa na serikali visiwani wanahangaika hivyo hivyo. Hii ya sasa tuko mwaka mzima, ndiyo maana siilaumu sana, ingawa ngojeni niwaonyeshe kabati... hii kanga nilipewa na mama siku naondoka. Ona vidoa hivi vyeusi. Ukungu. Unyevu umeila. Mama, kama unaangalia, nimeishaifua kwa siki, imebaki hivyo.

Jana jioni tulikwenda Portara. Ule mlango mkubwa wa marumaru umesimama peke yake kwenye kisiwa kidogo mbele ya bandari, walianza kumjengea Apollo, mungu wao wa kale, hekalu zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, vita na mambo yao yakaingilia, hawakumaliza. Umebaki mlango bila nyumba. Julai watu wanapanga foleni wapigwe picha jua likizama. Jana tulikuwa wawili, mawimbi yanaruka juu ya njia ya kuvukia, tukalowa mpaka soksi. Mume wangu kautazama mlango akasema, "Na sisi kule Pongwe, Tanga, tuna msingi bila mlango." Basi tulicheka mpaka nyumbani.

Maana nikiwa mkweli, Novemba hatucheki. Watu wawili mliozoea kupishana, ghafla mko chumba kimoja kutwa. Mwaka jana tuligombana siku mbili kwa sababu ya kijiko cha chai. Kijiko! Mpaka tukazoea kwamba yeye asubuhi haongei, na mimi usiku siachi kuongea.

Sasa njooni jikoni. Hiki ndicho nilichotaka kuwaonyesha tangu mwanzo. Jirani yetu ni bibi wa miaka themanini na kitu, mvua zikianza tu anatoka na kisu na mfuko wa plastiki, anainama mashambani. Wanaita horta, mboga za mwitu. Siku ya kwanza kaniletea fungu, nikachukua jani, nikalikata shina. Likatoa utomvu mweupe. Nikalitafuna, chungu. Jamani, mchunga! Si ule ule wetu hasa, lakini ni ndugu wa karibu, jani lile lile la meno meno. Wao wanauchemsha, wanamwagia mafuta ya zeituni na limau, na yale maji ya kuchemshia bibi anayanywa kikombe kizima, anasema ni dawa. Mimi nikaupika kwa nazi. Nilimpelekea sahani. Alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akauliza haya maziwa ni ya mnyama gani. Tangu siku hiyo kila Jumatano fungu liko mlangoni, na sahani yangu tupu juu yake.

Yeye ndiye aliyewafundisha wa duka la mikate jina langu. Kiangazi chote mimi ni "yule msichana wa usafi". Januari ndiyo nikawa Mwanaidi. Hiyo "mwa" inawashinda, wanasema Mu-a-na-idi, kila silabi na ngazi yake, lakini naitika.

Na mzee mmoja wa kahawani, upepo ukigeuka ukaja wa kusini na kuleta vumbi jekundu la Sahara mpaka magari yote yakawa rangi ya matofali, ananitania: "Leo vumbi la kwenu limefika!" Nikamwambia mzee, chukua ramani, Sahara iko karibu na kwako kuliko kwetu Tanga. Akaichukua kweli. Wakapima kwa kiberiti, kahawa nzima. Kahawa yangu siku ile sikulipa.

Haya, mchunga huu umechemka, umwage maji, halafu nazi... nazi ndiyo iko Piraeus. Kwa hiyo leo na sisi ni limau na... subirini. Subirini kidogo. Upepo umepungua au ni masikio yangu?

Ile honi. Umeisikia? Mume wangu! Vaa viatu! Usiache begi la magurudumu, sembe nzito hiyo... jamani, nawazimia, tutaonana.