Mzazi Akae Jamvini: Hadithi za Familia katika Viwanja Vyetu

Assalaamu alaykum. Waheshimiwa masheha, walimu wa skuli na wa madrasa, wazee wangu na ndugu zangu mliofika hapa Chake Chake, wengine kutoka Wete na Mkoani, wengine mliovuka bahari kutoka Unguja, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuandaa mikusanyiko ya hadithi kwa familia katika maeneo ya wazi ya shehia zetu. Wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema nitakalolisema leo, na wapo walioniambia kwamba nalirudia mno. Nitalirudia tena, kwa kuwa mambo bado yanafanyika vilevile. Mzazi anamleta mtoto uwanjani, anamwacha chini ya turubai, kisha anakwenda zake kununua urojo na kuzungumza na wenzake mpaka shughuli imalizike, na sisi waandaaji tunaridhika kwa sababu viti vimejaa watoto. Mkusanyiko wa namna hiyo mimi siuiti wa familia. Ni mahali pa kuwekesha watoto.

Hadithi ya kwetu haijapata kuwa kazi ya mtu mmoja. Msimulizi akisema "Paukwa" hana pa kwenda mpaka aitikiwe "Pakawa". Akitega kitendawili hawezi kukitegua mpaka walioshindwa wampe mji. Sasa mtoto atajifunza wapi kuitikia, ikiwa mtu mzima anayejua kuitikia yuko upande wa pili wa uwanja?

Nitatoa mfano mmoja, na mniwie radhi nikiuchukulia muda.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria shughuli ya hadithi katika uwanja mmoja wa kisiwa hiki. Waandaaji, ambao nia yao ilikuwa njema, walijenga jukwaa, wakapanga mbele yake safu tatu za viti vilivyovishwa vitambaa kwa ajili ya wageni, na watoto wakawekwa nyuma ya safu hizo kwenye viti vya plastiki. Mgeni rasmi alichelewa. Hotuba zikafuatana. Bibi aliyeletwa kutoka kijijini kusimulia alikaa juu ya jukwaa zaidi ya saa nzima, ameshika ncha ya kanga yake, akisubiri kuitwa. Hatimaye alipewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Paukwa." Kimya. Akasema mara ya pili. Watoto wakageuza nyuso kumtazama mshereheshaji, kwa kuwa walidhani Paukwa ni jina la mtu anayeitwa mbele.

Mara ya tatu jibu lilitoka nyuma kabisa, chini ya mwembe. Alikuwa ni muuza kahawa, amesimama na dele lake mkononi. Alisema, "Pakawa," na wala hakuishia hapo, bali aliendelea bila ya kusita: "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kaka, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi, vya kujengea kikuta na vilango vya kupita." Kila mtoto akageuka kumtazama. Bibi naye alikirudisha kipaza sauti mezani, akashuka jukwaani, akapita katikati ya safu za wageni, akavua ndara zake na kukaa kwenye jamvi alilolitandika yule muuza kahawa kwa wateja wake. Hakuwaambia watoto wamfuate, lakini walimfuata wote, na waliokuwa wa mbele wakajikuta wa nyuma.

Alisimulia kisa cha paa na Sultani Darai. Mnakijua: maskini anayepekua jaani, akapata thumni, akanunua paa, na paa yule akampatia jina, mali, na binti wa sultani. Kisha paa akaugua. Akamtuma bibi kizee kwa bwana wake kumwambia kuwa hali yake si nzuri, na bwana akajibu apikiwe uji wa mtama. Hapo alikuwapo mtoto mwanamke wa miaka sita au saba, amekaa na baba yake aliyekuwa amekuja kumchukua tu na akajikuta ameketi. Mtoto alisimama wima, akamkata bibi kauli: "Baba, kwani nyumba ile haina mchele? Haina maziwa?" Hakumuuliza msimulizi. Alimuuliza baba yake.

Na baba akalazimika kujibu. Alisema, "Mchele upo. Kasahau nani aliyempa." Mtoto akataka kujua mtu anasahauje jambo kama hilo, na baba akatazama chini, akawa anachagua maneno. Bibi alinyamaza. Alingoja wamalize, wote wawili, ndipo akaendelea mpaka paa alipokufa na kutupwa kisimani, mpaka yule bwana alipoamka akajikuta jaani, anapekua kama alivyokuwa siku zote.

Hicho ndicho ninachokitetea, ndugu zangu. Kisa kile kimekuwa kikisimuliwa visiwani kwa muda mrefu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikisikia Unguja, akakichapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Maneno yamehifadhiwa, na nafurahi kuwa yamehifadhiwa. Lakini kitabu hakiwezi kumjibu mtoto anayeuliza mtu anasahauje, na msimulizi hana haki ya kumjibu kabla ya mzazi wake. Kama baba yule angekuwa amesimama kwenye meza ya urojo, swali lile lingekwenda wapi?

Najua mtakayoniambia. Mtasema kwamba wazazi wamechoka, kwamba mama ametoka shambani au sokoni na baba ametoka baharini, na hiyo saa moja ya mtoto kukaa na wengine ndiyo mapumziko yao pekee. Nalikubali hilo. Wachoke, lakini wachokee jamvini. Mbona wazee wetu nao walikuwa wakichoka? Tulihadithiwa na watu waliokuwa wanachambua karafuu vikonyo, mikono imejaa kazi, usingizi umewajaa machoni, na bado walituitikia na kutukosoa tulipokosea.

Mtasema pia kwamba hadithi hizi zimejaa mazimwi na majini, na kwamba mwalimu wa madrasa hatapenda. Nimekaa na walimu wengi wa madrasa juu ya suala hili, na walionisikiliza hawakuwa na tatizo, kwa sababu msimulizi wetu hamdanganyi mtu. Anapofungua kwa kusema "uongo njoo, utamu kolea" amekwisha kumtangazia mtoto kwamba anachosikia kimetungwa. Ni uaminifu ambao siuoni katika mambo mengi wanayoyatazama watoto hao hao kwenye simu. Hata hivyo, mwalimu mwenye shaka aalikwe, naye akae jamvini kama wazazi wengine.

Na lipo jambo la lugha, ambalo linanikera zaidi kuliko yote. Nimewahi kumsikia mwandaaji akimwomba bibi "azungumze Kiswahili kizuri" kwa kuwa walikuwapo wageni. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kinafaa kufundishia na kuandikia, kama ninavyokitumia sasa. Lakini uamuzi ule haukumfunga mdomo mtu wa Micheweni, wala wa Makunduchi, wala wa Tumbatu. Hadithi ya Kipemba isimuliwe kwa Kipemba, na mtoto asiyelifahamu neno amuulize aliye pembeni yake. Na ndiyo sababu nyingine ya kutaka aliye pembeni yake awe mzazi.

Kuhusu mahali, sitasema mengi. Uwanja wa Tibirinzi, hapa Chake Chake, tunapajua sote, kwa kuwa hujaa watoto kila Idi, na hapana sababu ya kupaacha patupu siku nyingine. Huko Unguja ipo bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo, na nyasi zake zinatosha majamvi kumi, ila kelele za jioni ni nyingi. Kwa maoni yangu baraza za mitaani ni bora kuliko viwanja vyote viwili. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na baraza zake ni sehemu ya majengo yaliyoupatia hadhi hiyo. Zilijengwa ili zikaliwe. Watu ishirini na msimulizi mmoja, bila ya kipaza sauti, wanatosha. Wakizidi arubaini, gaweni vikundi viwili.

Muda: tusianze Alasiri kwa ratiba ya hotuba nne, kisha adhana ya Magharibi ikaikuta hadithi katikati. Anayetaka kuhutubia ahutubie siku nyingine. Baada ya Isha ni bora zaidi, mradi taa ziwepo njiani na watoto wa mbali wawe na wa kuwarejesha. Nilikuwa na maneno juu ya fedha na juu ya kuwarikodi wazee, lakini mwenyekiti ameshanionesha saa yake mara mbili, nami namheshimu.

Nasema la mwisho kwa masheha. Karatasi iko juu ya meza iliyo karibu na mlango. Naomba kila sheha, kabla ya kuondoka, aandike jina la shehia yake, idadi ya wasimulizi anaowajua, na mahali penye kivuli ambapo jamvi linaweza kutandikwa. Nafasi ya mgeni rasmi haimo katika karatasi hiyo.