Kupima Tiba ya Mwanga kwa Ugonjwa wa Sézary

Mabibi na mabwana, ugonjwa wa Sézary ni saratani adimu ya seli nyeupe za damu aina ya T, ila mgonjwa huuona kwenye ngozi: karibu mwili mzima huwa mwekundu, hutoka magamba na kuwasha hadi usingizi ukakosekana.

Tiba yake ya mwanga huenda hivi: damu hutolewa mshipani, mashine huizungusha kwa kasi na kutenga seli nyeupe. Nyekundu humrudia mgonjwa. Mfuko wa seli nyeupe hutiwa methoksaleni, dawa inayoamshwa na mwanga, mililita 0.017 kwa kila mililita ya ujazo. Mfuko wa mililita 200 basi unataka mililita 3.4 za dawa. Seli hupitishwa kwenye bamba jembamba la plastiki penye taa za urujuanimno aina A, kisha hurudishwa mwilini. Bila mwanga, dawa haijifungi kwenye DNA. Hufanywa siku mbili mfululizo, kwa kawaida kila wiki mbili hadi nne.

Katika hatua hizi ndipo majaribio ya kupima tiba hii huharibikia. Seli nyekundu zikibaki nyingi mfukoni, huzuia mwanga. Mgonjwa akila vya kukaanga kabla ya kuja, maji ya damu huwa meupe kama maziwa, na mashine hushindwa kutenga vizuri. Midomo ikifa ganzi, fikirieni sitrati ya kuzuia damu kuganda: imeshusha kalsiamu. Baada ya tiba, mgonjwa avae miwani ya kuzuia miale ya urujuanimno kwa saa 24.

Mwaka 1987 daktari wa ngozi Richard Edelson na wenzake walitangaza matokeo ya tiba hii kwa wagonjwa 37. 27 walipata nafuu. Marekani ikaidhinisha tiba hiyo mwaka 1988. Ni kazi kubwa, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Isitoshe, dawa ilimezwa wakati huo, na matumbo ya wagonjwa hayanyonyi dawa kwa kiwango kimoja.

Kwa hiyo pimeni ngozi na damu pamoja. Kiganja cha mgonjwa na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi. Ili kupata alama ya ugonjwa wa ngozi, eneo la mabaka bapa huzidishwa kwa 1, yaliyoinuka kwa 2, uvimbe kwa 4. Seli za Sézary, yaani seli T za saratani zilizomo kwenye damu, zihesabiwe kabla ya mashine kuanza. Msiikatie tamaa tiba hii mwezi wa pili, kwani nafuu huchukua miezi mitatu hadi sita. Na kila ziara ulizeni krimu anazopaka: akianza steroidi kali katikati ya jaribio, wekundu utapungua, nanyi hamtajua ni mwanga au ni krimu.