Kuvusha gari kutoka Panama kwenda Colombia kwa kontena (barabara hakuna jamani!)

Haya wapenzi, mambo vipi, tuko Panama City, joto la hapa ni lile lile la Dar mwezi wa pili, shati limeshagandia mgongoni na bado hata saa tatu haijafika. Tumetoka Texas na hii Toyota 4Runner tunashuka Argentina, na wengi mmeniuliza mbona tumekaa Panama muda wote huu, tumelewa nini. Hatujalewa, tunasubiri meli.

Iko hivi. Barabara ya Pan-American inatoka Alaska, ikifika kijiji kinaitwa Yaviza hapa hapa Panama inaisha. Inaisha kabisa. Mbele ni msitu na vinamasi vya Darién, kama kilomita 100 na kitu, ndio barabara inaanza tena upande wa Colombia. Gari halipiti. Kwa hiyo unapeleka gari Colón, bandari ya hapa Panama, linapanda meli, linashukia Cartagena, bandari ya Colombia, wewe unapanda ndege. Baharini ni kama siku moja tu, ila makaratasi ndio yanakula wiki, na mimi makaratasi ndio ugonjwa wangu, nimefanya kliaringi bandari ya Dar kabla sijaolewa na huyu anayeshika kamera. Baba Neema, msalimie. Haya.

Kwanza uchague linasafirije. Kuna meli za ro-ro, gari linaendeshwa linaingia lenyewe, na hapo funguo unawaachia wao. Kama gari lako ni refu sana au ni lori umeshaishiwa na ujanja, utapanda hiyo. Ila kama ndani kuna jiko, vitanda, friji, nguo, yaani nyumba nzima, mimi siwezi kuacha funguo, watu wanaibiwa mpaka masufuria. Mimi ni mtu wa kontena. Kontena linafungwa mbele yako, linapigwa sili, ile lakiri yenye namba, kwaheri.

Na kontena usichukue peke yako, utalia bei. Chukua la futi 40, tafuta mwenzako mgawane nusu kwa nusu. Ndani lina mita 12 na kidogo, gari letu halifiki mita 5, la mwenzetu vile vile, zinaingia mbili na nafasi inabaki. Wenza wanapatikana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wasafiri na kwenye hosteli za hapa mjini. Sisi tumepata wazee wawili Wajerumani, watu safi, wana faili lenye vibandiko vya rangi rangi, nikawapenda hapo hapo. Mwenza mchague vizuri jamani, maana mzigo wenu ni mmoja, yeye akichelewa karatasi na wewe umekwama. Mwambie ejenti wa usafirishaji kabisa kila mtu atolewe BL yake, ile hati ya shehena, jina lako liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti na kwenye kadi ya gari. Siyo Mama Neema.

Ejenti akikupa bei muulize swali moja tu: hii ni mpaka wapi? Kwa sababu bei nyingi zinaishia gari likiwa melini, halafu ukifika Cartagena unakuta kushusha, kufungua kontena, gharama za bandari, gharama za hati, kila kitu kinaanza upya. Mwambie akuandikie za huku na za kule, zote, kwa maandishi. Hata kama mnaongea vizuri. Hasa kama mnaongea vizuri.

Sasa hapa naomba mtulie, mwenye mtoto amshushe mgongoni.

Ukiingia Panama kutokea Costa Rica, forodha wanakupa kibali cha muda cha gari. Karatasi moja tu. Kwenye ile karatasi kuna namba ya chesi. SOMA HIYO NAMBA KABLA HUJATOKA DIRISHANI. Nasema hivi kwa sababu nimelala kwenye basi la usiku kurudi mpakani, kama kilomita 500, kwa ajili ya herufi moja. Mtu wa dirishani aliandika S palipotakiwa 5. Chesi namba ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna herufi I, hakuna O, hakuna Q, ziliachwa makusudi zisichanganywe na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona O kwenye karatasi yako hiyo imeshakosewa, huna haja hata ya kwenda kuangalia gari. Lakini S na 5, B na 8, Z na 2, hizo zipo, ndio zinazoua. Usisome kwa macho yanayopita. Piga picha namba iliyoko kwenye gari, weka simu pembeni ya karatasi, weka kidole, moja moja mpaka ya 17. Watu nyuma wanasonya, waache wasonye, hawapandi basi wao.

Baada ya hapo ni ukaguzi wa polisi, hapa mjini, DIJ, polisi wa upelelezi. Unaenda asubuhi na mapema kabisa, gari likiwa la baridi, maana wanafungua boneti kutafuta namba na injini ya moto haichunguliki. Beba kopi za pasipoti, kibali, kadi ya gari na bima ya Panama, kila kitu kopi kadhaa. Mkaguzi anaangalia namba ya kwenye gari na ya kwenye kibali. Unaona sasa? Ile S! Zisipofanana hana maneno mengi, anakurudishia tu makaratasi yako. Zikifanana unaambiwa rudi mchana kuchukua karatasi yako, na mchana vaa suruali ndefu au sketi ya heshima, mwenye kaptula haingii kwenye ile ofisi. Baba Neema alibaki nje na mapaja yake.

Haya hii tunaruka kidogo, kufua mapazia ya gari na kutoa mchanga hamhitaji kufundishwa. Safisha tu, gari chafu linaleta maswali bandarini. Mafuta ya gari bakiza robo tanki au chini. Mtungi wa gesi uwe mtupu kabisa, madumu ya petroli hayana hata tone.

Kupima urefu wa kwenda juu sasa. Mlango wa kontena la kawaida una mita 2.28, yale marefu zaidi yanayoitwa haikyubu yana 2.58. Sisi na tenti letu la juu tuna 2.21, kwa hiyo tunapita, leta tepu nionyeshe, simama hapo, nyosha, soma... mbili nukta... hebu subiri. Hebu subiri kwanza. Mbona 2.30?

Zima. Hapana usizime, waone.

Okei. Tumegundua, ni kile chuma cha kushikia taa za juu, tuliziongeza Mexico na mimi namba yangu ni ya nyumbani kabla ya taa. Unaona, tumeuzidi mlango wa 2.28 kidogo tu, sentimita mbili, lakini chuma cha kontena hakijui kidogo. Kuna watu wanapunguza upepo wa tairi wanapata sentimita chache, inawezekana, ila mimi sipendi, ukishaingia unajaza na nini? Sisi tunafungua taa, nati nne tu. Baba Neema shuka na spana namba 13. Siyo hiyo. Siyo hiyo. Hiyo. Pima na kila kilichopo juu, antena, koleo, kila kitu, na upime siku ya kuondoka, siyo ya kwenye daftari.

(Tumerudi, tupo Colón, mvua kama unavyoisikia, samahani kwa sauti.)

Colón siyo mbali, kama kilomita 80 kwa motowei. Njoo mapema, acha vitu vya thamani kwenye begi lako la mgongoni, hapa siyo mji wa kutembeatembea na kamera. Forodha wanagonga karatasi, wanafunga kile kibali cha muda, ndipo unaruhusiwa kuliingiza gari. Utaliingiza mwenyewe, polepole, kioo kimeshushwa, maana ukishafika ndani mlango haufunguki wote, mimi nilitokea dirishani na mwili huu, sehemu hiyo Baba Neema hajarekodi kwa usalama wake. Vijana wa bandari wanafunga mikanda kwenye tairi na wanaweka mbao. Wewe kaza mwenyewe kwa mkono, ukiona unacheza sema. Handibreki juu, gia imeingia. Halafu milango inafungwa, sili inapigwa: PIGA PICHA NAMBA YA SILI. Ukiikuta tofauti Cartagena ujue mlango ulifunguliwa njiani.

Bima ya baharini, najua mnaona gari linaenda siku moja tu, bima ya nini. Mnaikumbuka ile meli Ever Given ilivyoziba Suez siku 6 Machi 2021? Mwenye meli alitangaza ile sheria ya zamani ya baharini kwamba gharama za kuokoa meli wanagawana na wenye mizigo wote. Wote! Hata mwenye kontena moja la viatu. Bila bima unatoa mfukoni ndio mzigo wako uachiwe. Kata bima.

Sisi tukapanda ndege, saa moja na kidogo, Cartagena. Mji mzuri, mtaona video nyingine, samaki wao na wali wa nazi nilikaribia kulia.

Kutoa gari: unaenda kwa ejenti wa kule, unalipa zile gharama ambazo safari hii unazijua, wanaachia BL. Unaenda forodha yao, inaitwa DIAN, ndio wanatoa kibali cha muda cha Colombia. Kuingia bandarini ni suruali ndefu, viatu vya kufunika, kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, na bima ya ajali ya kuingilia, uliza ejenti akupangie mapema la sivyo siku inaishia getini. Ukitoka bandarini huendeshi bila SOAT, bima yao ya lazima.

Na pale DIAN akianza kukuandikia kibali kipya, unajua ninachotaka kusema. Jifunze tarakimu za Kihispania, sifuri mpaka tisa, cero, uno, dos, zinatosha, hata lugha nyingine usijue. Mimi nilimwomba yule dada anisomee kwa sauti kutoka kwenye skrini yake huku nafuata kwa kidole kwenye picha yangu, akafika kwenye ile ya saba, nikamwambia cinco (yaani tano), dada, cinco, hiyo ni cinco, akaangalia tena, akacheka, akafuta.